Kitabu kilichoishia ukurasa wa 186, na mguu wa Mzee Arap Ngeno

Wakuu,

Kuna uzi hapa juu ambapo watu wanataja vitabu ambavyo hawajavisahau. Nimesoma majibu yote. Nilianza kuandika langu mara tatu nikafuta. Leo naliandika lote, na nimelifungulia uzi wake kwa sababu ni refu.

Sitatia chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini mtu kama mimi anaogopa chumvi.

Mnijue kidogo kwanza. Niliacha shule darasa la saba. Mengine yote nilijifundisha kwa kusoma, dictionary ikiwa kando. Nina counter book ambamo nimeandika kila kitabu nilichowahi kusoma: namba yake, nilikipata wapi, kina kurasa ngapi, na kurasa zipi hazipo.

Hiyo safu ya mwisho si mzaha. Miaka ya tisini, kwetu kwenye mashamba ya chai kati ya Litein na Roret, kitabu kizima kilikuwa nadra. Vingi vilitufikia baada ya kupita mikono ya wenye maduka waliochana kurasa za kufungia sukari. Kitabu namba 4 kilikuwa cha ufugaji wa nyuki na hakikuwa na sura ya kuvuna asali. Namba 12 kilikuwa atlas isiyo na Asia. Mpaka nafika miaka thelathini, Asia niliijua kwa kusikia tu.

Ninachotaka kuwasimulia ni kitabu namba 31.

Wakati huo nilikuwa karani wa majani chai katika buying centre moja upande wa Roret. Kwa wasiojua, buying centre ni kibanda cha mabati chenye meza ndefu za kuchambulia majani na mizani ya kuning'inia. Mkulima analeta kikapu chake, karani anapima, anataja kilo kwa sauti, anaandika, anamkatia mkulima risiti. Kisha wote mnangoja lori la kiwanda.

Lori lilikuwa na tabia zake. Lingeweza kufika saa nane au saa kumi na moja. Wakulima hawakuondoka kabla halijapakia, maana likikosa kuja majani yanaungua kwa joto lake yenyewe ndani ya gunia na hasara ni ya mwenyewe. Kwa hiyo kila siku watu kama thelathini walikaa pale kwa masaa, juu ya vikapu vilivyopinduliwa na magunia matupu, wakiongea habari za mvua.

Mimi nilikuwa nasoma kitabu changu pembeni. Siku moja mama mmoja akaniuliza nasoma nini peke yangu kama mchoyo. Nikaanza kuwasomea.

Nilisoma kwa Kiswahili, mahali pagumu nikaeleza kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani. Ikawa desturi. Tulimaliza namba 27, 28 na 30 kwa njia hiyo. Lori likichelewa hakuna aliyelalamika tena.

Namba 31 nilikipata Litein sokoni. Hakikuwa na jalada wala jina. Kilihusu fundi wa mawe aitwaye Kaluwa, mtu mkaidi, mchapa kazi, ambaye jiwe lilimwangukia mguuni. Kidonda kikakataa kupona. Daktari akamwambia mguu ukatwe au afe. Sijawahi kusoma kitabu kilichoeleza uchungu wa kidonda kama kile. Watu walisikiliza wakiwa wamekunja nyuso, wengine wakijishika miguu yao wenyewe.

Ukurasa wa 186 unamalizikia hapa: Kaluwa amelala kitandani, karatasi ya kukubali operesheni iko kifuani mwake, daktari amesimama na kalamu mkononi.

Baada ya hapo palikuwa na uzi wa kushonea tu, unaning'inia.

Nilikuwa najua tangu nikinunue kwamba kimekatika. Nilikuwa nimeandika kwenye counter book: "187 hadi mwisho, hazipo." Lakini sikuwaambia. Nilifikiri tutafika huko nitafute la kusema.

Tulifika huko siku ambayo lori lilichelewa sana. Nikajifanya natafuta ukurasa. Yule mama akasema, "Karani, muda unaotafuta huo ukurasa, mimi ningekuwa nimechuna kilo mbili."

Watu wakacheka. Nikaangalia zile nyuso thelathini, na aibu ikanishika. Nikainua kitabu nikaendelea kusoma kitu ambacho hakikuwepo.

Nilisema Kaluwa aliitupa kalamu. Nilisema alibebwa hadi nyumbani, mkewe akawa anamwosha kidonda asubuhi na jioni kwa maji ya majani ya mti fulani. Mti sikuutaja, kwa sababu sikuujua. Nilisema alipona, akatembea mwenyewe hadi kanisani.

Watu walifurahi sana. Mzee mmoja hakucheka wala kupiga makofi. Alikuwa Mzee Arap Ngeno, mkulima wa jirani, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akija na fimbo wiki hizo kwa sababu alijikata na jembe kidole cha mguu. Aliuliza swali moja tu.

"Ilichukua siku ngapi?"

"Arobaini," nikasema. Nafikiri ilitoka kwenye Biblia. Sikuifikiria hata sekunde moja.

Lori likaja. Tukapakia. Nikasahau.

Wiki zilizofuata Mzee hakuja. Mkewe ndiye aliyeleta majani. Nikadhani anapumzisha mguu.

Ijumaa moja binti yake mkubwa, Chebet, akanijia nikifunga hesabu ya siku. Chebet alimaliza form four, alikuwa anashona nguo Litein. Alikuwa ameokoka, na si kwa mdomo tu. Watu walimtania kwamba akikupunja kitambaa inchi moja atakufuata hadi nyumbani kukurudishia.

Akaniuliza, "Karani, yule Kaluwa aliogeshwa na majani gani?"

Nilicheka. Nilidhani hadithi imemfikia huko Litein, nikajisikia vizuri, wakuu, siwafichi. Nikamwuliza anataka kujua ya nini.

"Baba amekataa kukatwa mguu. Daktari alimwambia kabla hamjamaliza kile kitabu. Anasema Kaluwa alipona siku arobaini, na yeye leo ni ya ishirini na mbili."

Kalamu iliniponyoka, na sikuinama kuiokota.

Kesho yake asubuhi nilienda kwake kabla ya kazi. Harufu niliipata mlangoni.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya kigoda, umefungwa majani niliyoyafahamu, yale tunayolishia mbuzi. Mti nilioacha kuutaja alikuwa amejichagulia mwenyewe. Ukutani karibu na kichwa chake palikuwa na mistari ya makaa, imepangwa vizuri, mitano mitano. Alikuwa anahesabu siku zangu.

Nikamwambia yote. Kwamba kurasa hazikuwepo, kwamba mwisho ule niliutunga mimi pale pale kwa sababu ya aibu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nimetumwa na Chebet.

Nikamwonyesha kitabu. Akakishika, akautazama uzi unaoning'inia, akasema hizo kurasa mtu anaweza kuwa amezichana leo asubuhi.

"Mzee, nilitunga," nikarudia.

"Ulipokuwa unatunga ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Ulikuwa unaangalia kitabu na kusema kisichokuwepo."

"Ndiyo."

Nje ng'ombe alikuwa analia, anataka kukamuliwa.

"Na ukiangalia mizani?"

Wakuu, sikuwa nimewahi kuiba hata nusu kilo ya mtu. Lakini yeye angejuaje? Kazi yangu yote ilikuwa kuangalia kitu ambacho wengine hawawezi kukiona vizuri na kuwaambia kinasema nini. Uso wa mizani ulikuwa unanitazama mimi, si wao. Hilo swali lilitoka nje ya ile nyumba kabla ya jioni, kwa kuwa mkewe alilisikia. Wiki iliyofuata wakulima walitaka mizani igeuzwe iwatazame wao. Niliigeuza kwa mikono yangu. Walikuwa na haki.

Mzee akatoa uamuzi wake, kwa utulivu, kama mtu anayeamua kesi ya mpaka wa shamba. Alisema hajui ni lini nilidanganya, siku ile au leo. Kwa hiyo nitafute kitabu kizima. Nisome mbele yake, Chebet akae hapo aangalie ndani, kwa sababu Chebet hajawahi kumdanganya.

"Akisema umesoma kilichomo, nitafanya alichofanya Kaluwa. Alikatwa, nikatwe. Alipona, mniache."

Nilitoka pale na matumaini. Kweli. Nilijiambia hakuna mwandishi mwenye akili, aliyeeleza kidonda kwa namna ile na daktari kwa heshima ile, ambaye angemwacha Kaluwa apone na majani. Huo ulikuwa ujinga wangu mimi. Kitabu chenyewe kingenisahihisha.

Nilikuwa namfahamu mwalimu mmoja wa Kabianga aliyeniazimisha namba 19 na 22. Jumapili, siku isiyo na kupima, nilitoka mapema kwa baiskeli, nikakosa kanisa. Nilipomwelezea mwanzo wa hadithi hakuningojesha. Aliingia ndani akatoka nacho. Kizima. Kina jalada na kurasa 214.

Nilimshukuru, nikasukuma baiskeli hadi mwisho wa ua wake, nikasimama chini ya mti wa kivuli nikafungua 187.

"Kaluwa aliitupa kalamu."

Sikuamini. Nikarudia mstari. Nikafungua 188, 189. Anabebwa nyumbani. Si mkewe anayemwosha, ni shangazi yake. Si siku arobaini, ni msimu mzima. Mengine ni yale yale. Ukurasa wa 214 Kaluwa anatembea, na jiwe la kwanza analochonga ni la kizingiti cha nyumba yake.

Niseme ukweli niliouficha miaka mingi kuliko mwingine wowote. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa furaha. Mimi wa darasa la saba, nilikuwa nimekisia kama mwandishi mwenyewe. Ilidumu kama pumzi moja. Kisha nikaikumbuka ile mistari ya makaa ukutani kwa Mzee. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande nikiwa na suruali ya kanisani.

Nikajaribu kufikiri kwa utaratibu, jinsi ninavyofanya kila jambo.

Nikisoma kilichoandikwa, Mzee atakufa, na atakufa akiwa na haki kwa masharti yake. Nikisema sikukipata kitabu, ataendelea kuhesabu, na kwa harufu ile hakuwa na siku kumi na sita. Nikisoma uongo, Chebet atakuwa anatazama. Na Chebet hadanganyi. Akisema tu "Baba, hapa haijaandikwa hivyo," basi hakuna mtu tena duniani ambaye Mzee angemsikiliza.

Nilifikiri nitamwona kwanza nje, tupange. Haikuwezekana. Mzee alikuwa amesikia baiskeli. Kabla sijaiegemeza, alikuwa amemwita Chebet ndani na kumketisha kitandani.

Nikaingia, nikakaa upande wa pili wa Chebet ili kitabu kiwe katikati yetu. Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekichukua.

Mzee hakusoma shule, ila namba alizijua kwa sababu ya risiti. Akaomba aonyeshwe 187. Nikamsogezea. Akaweka kidole juu ya namba, akatingisha kichwa kukubali.

"Soma."

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kaluwa akaipokea kalamu."

Chebet alikuwa ameinama juu ya ukurasa. Mstari ulikuwa pale, wa kwanza juu kabisa, na ulisema aliitupa. Nilimwona akiusoma. Nilimwona akiusoma tena. Alinitazama usoni mara moja, na macho yake sitaki kuyaeleza.

Nikaendelea, kwa sababu kusimama kungekuwa mbaya zaidi. Nikasema Kaluwa aliweka alama yake kwenye karatasi. Nikasema aliogopa, na daktari akakaa naye.

Ndipo Chebet akaweka kidole chake chini ya mstari wa pili. Nikadhani ananisimamisha. Lakini kidole kikaanza kutembea. Kilitembea chini ya maneno yaliyoandikwa, taratibu, kikifuata sauti yangu inayosema maneno mengine. Nikifika mwisho wa sentensi yangu, kidole kinatua. Nikianza nyingine, kinashuka mstari. Hivyo hivyo hadi chini ya ukurasa.

Mzee alikuwa anakitazama kile kidole, si mimi.

"Amesoma kilichomo?" akauliza.

"Amesoma, Baba."

"Hajaongeza?"

"Hajaongeza."

Mzee akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo hata kidogo. "Baada ya kukatwa, aliishi?"

Ni Chebet aliyekichukua kitabu magotini pangu, akafungua ukurasa unaofuata, akasoma yeye. Alisoma vizuri kuliko mimi, bila kusita, macho yakienda kushoto na kulia. Alisoma kwamba Kaluwa aliishi miaka mingi. Kwamba binti yake alipoolewa, alisimama mbele ya watu kwa mguu mmoja na fimbo, akambariki, na hakuna mgeni aliyeangalia mguu.

Hakuna binti katika kitabu kile. Kaluwa hakuwa na mtoto.

Mzee akasema watafute gari.

Kulikuwa na pickup ya jirani, na kufikia saa tisa alikuwa hospitali. Alikatwa Jumatatu. Daktari alimweleza Chebet kwamba angekuja wakati ule wa kwanza, wangekata vidole, pengine na kipande cha wayo. Sasa walikata juu ya goti.

Hiyo tofauti ni yangu. Nimeipima mara nyingi, na mizani inanitazama mimi peke yangu.

Mzee aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Alirudi buying centre kwa magongo, akakaa mahali pake, na hakuwahi kuniuliza tena kuhusu mizani. Hakuwahi pia kuniomba nisome. Mimi na Chebet hatukuzungumzia siku ile isipokuwa mara moja, alipokuja kunirudishia kitabu nikipeleke Kabianga. Nikajaribu kumshukuru. Akanikatiza.

"Usinishukuru, Karani. Mimi nimeshatubu yangu. Wewe tubu yako."

Nimeandika hapa kwa sababu Mzee hayupo tena, na Chebet ameniruhusu nikibadilisha majina, nami nimeyabadilisha.

Somo nililopata si kubwa, na si kuhusu vitabu vibaya na vizuri. Namba 31 bado nakihesabu kati ya vitano bora nilivyosoma. Somo ni kwamba nilipofika mwisho wa kile nilichokuwa nacho, nilipaswa kusema nimefika mwisho. Maneno matatu: "Kurasa zingine hazipo." Wangenicheka kidogo, lori lingekuja, basi.

Bado najiuliza kama nilikuwa na haki ya kudanganya mara ya pili. Mnaweza kunipiga mawe kwa hilo, nitasoma kila jibu.

Lakini si hilo linalonishtua mpaka leo nikiwa naendesha au nikinyoa ndevu. Ni hesabu nyingine. Siku ile nilipotunga mwisho, pale kwenye magunia walikuwa watu thelathini hivi. Nilikuja kujua kuhusu mmoja, kwa sababu ana binti aliyekuja kuuliza jina la mti. Wale wengine walienda nyumbani, Roret, Litein, na ng'ambo ya mto upande wa Bomet, wakiwa na habari ya mtu aliyemkatalia daktari akapona kwa siku arobaini, na wameisikia ikisomwa na karani kutoka kitabuni. Nilipotaka kuwarudia wote na kusema niliongeza, msimu ulikuwa umekwisha na wengine hawakuja tena kituo kile.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Kama mzazi wako au nyanya yako aliuza majani upande ule miaka hiyo, na akakuhadithia habari za fundi wa mawe aitwaye Kaluwa, andika hapa chini alikuambia iliishaje, na kama kuna mtu nyumbani kwenu alikuwa mgonjwa.